Kansa ya mama mhami haimo ndani ya mashini

GOMA – Siku hizi kila mwenye simu amekwisha kusikia habari hii: huko ng'ambo vyuo vikuu vimetengeneza mashini inayotazama picha ya titi na kuonyesha kansa ambayo jicho la muganga lingeweza kuipita. Wanafunzi wanaiita IA, akili bandia. Wakubwa wanaitaja kwenye mikutano, wanasema Kongo nayo haitabaki nyuma, na makofi yanapigwa.

Habari yenyewe ni ya kweli. Uongo uko mahali pengine. Uongo ni kuwaaminisha raia kwamba mashini hiyo inanunuliwa kama jenereta: inafika ndani ya kasha, inawashwa, na kesho yake inaanza kuokoa wamama wa Masisi na Rutshuru. Haiwezi. Mashini hiyo inajua tu watu walioandikwa. Na mama mhami wa Kivu hajaandikwa popote, isipokuwa kwenye orodha ya unga.

Namna mashini inavyojifunza

Akili bandia inafanana na mtoto anayefundishwa kuchambua maharagwe. Anaonyeshwa punje hii, anaambiwa ni nzima. Anaonyeshwa ile, anaambiwa imeliwa na wadudu. Punje moja haimfundishi kitu. Baada ya maelfu, vidole vyake vinajua vyenyewe.

Mashini nayo inapewa picha nyingi, na kila picha ina jibu lake: mama huyu alipatikana na kansa, yule hakupatikana, huyu alifuatwa miaka saba akabaki mzima. Kazi kubwa ni hilo jibu. Kupiga picha ni kazi ya dakika moja, lakini kujua yaliyompata mama baada ya picha ni kazi ya miaka, na inahitaji kitabu ambacho hakipotei.

Mfano mzuri uko Uswidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund walianza jaribio mwaka wa 2021 na wanawake zaidi ya laki moja. Nusu, picha zao za matiti zilisomwa na waganga wawili kama ilivyo desturi ya kule. Nusu nyingine, akili bandia ilizitazama kwanza na kuwaonyesha waganga mahali pa kutilia shaka. Matokeo ya kwanza, ya wanawake 80,000, yalitolewa mwaka wa 2023. Upande wa mashini zilionekana kansa 244, upande wa desturi 203, na kazi ya waganga ya kusoma picha ilipungua kwa asilimia 44.

Hayo ni matunda makubwa, na anayeyacheka hajui maana ya muganga mmoja kuhudumia watu wengi. Lakini waliopiga makofi waangalie chini ya mti. Kila mkaaji wa Uswidi ana namba yake tangu mwaka wa 1947. Kitabu cha taifa cha kuandika kila mgonjwa wa kansa kilifunguliwa mwaka wa 1958. Wanawake wamekuwa wakiitwa kupigwa picha za matiti kwa miaka mingi, na barua inawakuta nyumbani kwa sababu nyumba inajulikana. Mashini ilikuja mwisho, kama paa linalowekwa juu ya kuta zilizokwisha kusimama.

Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka wa 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo anaweza kuwa na mjukuu. Nchi ambayo haijui ina watu wangapi inataka kununua paa, na kuta hazipo.

Fishi nne, mgonjwa mmoja

Chukua mfano wa mama wa miaka arobaini na tano, aliyekimbia kutoka kijiji cha Masisi. Anatokwa damu wakati ambapo hapaswi kutokwa nayo. Kambini anakwenda kwenye kituo cha afya, anaandikiwa fishi ya karatasi, anapewa dawa za maambukizi. Mwezi unaofuata damu inarudi, muuguzi anamwambia aende hospitali kubwa. Pesa ya usafiri haipo. Kisha vita vinasogea, na mwanzoni mwa mwaka wa 2025 kambi za pembezoni mwa Goma, kama Bulengo na Lushagala, zinabomolewa. Mama anaondoka na watoto, sufuria na hema lililokunjwa. Fishi imelowa na mvua.

Anapofika kwa ndugu anakwenda kituo kingine, anaandikiwa fishi mpya. Hapo anaanza upya: malaria, maambukizi, vidonda vya tumbo. Akirudi kilimani, fishi ya tatu. Akiletwa tena mjini amebebwa, fishi ya nne, na safari hii harufu inasema yenyewe ugonjwa ni upi. Akifa, majirani watasema alikufa kwa tumbo. Wengine watasema alilogwa, na huenda mama mkwe atafukuzwa kwa ajili hiyo. Hakuna rejista itakayoandika neno kansa. Kwa watu wa sayansi mama huyo hakuwahi kuugua, na kwa kweli hata hakufa.

Huo ni mfano, lakini hakuna familia ya wahami itakayoushangaa.

Mama huyohuyo, kwa ajili ya unga na maharagwe, amehesabiwa mara ngapi? Ana jetoni. Ana kadi. Jina lake limesomwa kwenye mstari, alama ya kidole imechukuliwa, idadi ya watoto imeulizwa na kuulizwa tena. Kidole chake kimepimwa kuliko kizazi chake. Kwa hiyo hakuna haja ya kudanganya kwamba wahami hawahesabiki. Wanahesabika. Kinachotakiwa ni mtu anayetaka kuwahesabu kwa jambo fulani.

Mashini iliyojua kamera moja tu

Kuna wanaojibu kwamba si lazima Kongo iandike watu wake, itatumia mashini zilizofundishwa kwingine. Basi wasikilize habari ya Costa Rica.

Mwaka wa 2019 watafiti wa taasisi ya taifa ya kansa ya Marekani na wenzao walitangaza mashini ya kutambua dalili za kansa ya shingo ya kizazi kwa picha tu. Waliifundisha kwa picha za wanawake zaidi ya 9,000 wa jimbo la Guanacaste, zilizopigwa tangu miaka ya 1990, na wanawake hao walikuwa wamefuatwa kwa miaka. Kwenye picha zile mashini iliyashinda macho ya waganga. Dunia ilifurahi. Ilisemwa kwamba karibuni muuguzi wa kijijini atapiga picha kwa simu na jibu litatoka papo hapo.

Kisha picha zilizopigwa kwa vyombo vingine zikaletwa, na mashini ikajikwaa. Ilikuwa imezoea kamera moja, taa moja, wanawake wa jimbo moja. Watafiti wenyewe waliyaandika hayo bila kuficha, na hiyo ndiyo heshima ya sayansi. Wakaanza upya kazi pana zaidi katika nchi tisa, na kati yao kuna Tanzania, Malawi, Nigeria na Eswatini. Kongo haimo.

Katika kansa ya ngozi ni vilevile. Mwaka wa 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu zinazosoma magonjwa ya ngozi, wakaona zinakosea zaidi kwenye ngozi nyeusi. Programu hazikuchukia mtu. Zilikuwa zimeonyeshwa ngozi nyeupe kwa wingi na nyeusi kwa uchache. Asiyekuwemo kwenye mafundisho hukosewa kwenye jibu, na kosa la mashini linatisha kuliko la muganga, kwa sababu linarudiwa kwa kila mgonjwa na linatolewa kwa sauti ya uhakika.

Ebola ilihesabiwa hadi mtu wa mwisho

Jibu ambalo raia husikia kila mara ni kwamba kazi hiyo haiwezekani: kuna vita, barabara hakuna, watu wanahamahama. Wenye kusema hivyo wamesahau upesi.

Kutoka tarehe 1 mwezi wa nane 2018 mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020, Ebola ilipiga Kivu ya Kaskazini na Ituri. Idadi inajulikana: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Hakuna anayesema "karibu elfu mbili na kitu". Huko Beni, Butembo na Mabalako, katikati ya milio ya risasi, waliomgusa mgonjwa waliandikwa majina na kufuatwa siku 21. Damu ilipimwa, chupa ikaandikwa, jibu likarudi kwa mwenyewe. Waliofanya kazi hiyo, wengi wao, walikuwa vijana wa hapahapa, wakiwa na rejista, simu na pikipiki, na kati yao wako waliouawa.

Kwa nini Ebola ilihesabiwa? Kwa sababu Ebola inaweza kupanda ndege. Kansa haiambukizi abiria. Inakaa ndani ya hema pamoja na mwenye nayo, inamla polepole, na hakuna wizara ya nchi yoyote ya mbali inayokosa usingizi kwa ajili yake. Huo ndio ukweli mchungu, na ni lazima usemwe bila kuzungukazunguka: tatizo si vita peke yake. Tatizo ni nani anayeogopa.

Tena hapa jirani kuna fundisho la zamani. Mwaka wa 1958 Denis Burkitt, muganga wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe uliokuwa ukijitokeza kwenye mataya ya watoto. Akatuma makaratasi kwenye hospitali nyingi za Afrika akiuliza: uvimbe kama huu upo kwenu? Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walichukua gari kuukuu, wakaenda kilomita kama 16,000 mpaka Afrika ya Kusini, wakipita hospitali zaidi ya 50, wakiuliza na kuweka alama kwenye ramani. Ramani ikasema ugonjwa unafuata sehemu za joto na mvua, palepale penye malaria nyingi. Mwaka wa 1964, huko London, Epstein na wenzake wakaona virusi ndani ya seli zilizooteshwa kutoka kwenye nyama za uvimbe zilizoletwa kwa ndege kutoka Uganda.

Hakukuwa na kompyuta ndani ya gari lile. Kulikuwa na karatasi, swali na uvumilivu. Kukusanya, kupanga na kuuliza data ndiyo kazi ambayo leo inapewa jina kubwa kwenye vyuo vikuu. Mwaka uleule wa 1958 ndio Uswidi ilifungua kitabu chake cha kansa. Kampala ilikuwa na chake tangu miaka hiyo ya 1950. Leo mgonjwa wa Kivu mwenye uwezo anavuka mpaka kutibiwa kansa Kampala au Butaro, Rwanda, na huko ndiko anakoandikwa. Kansa ya Kivu inasomwa ndani ya vitabu vya nchi nyingine. Asiye na pesa ya kuvuka hasomwi popote.

Woga wa kuibiwa una sababu

Kuna sauti nyingine, nayo inastahili kujibiwa kwa heshima. Wazazi wengi wanasema: tukiandikwa, tukipigwa picha, wageni watachukua na kutajirika, sisi tutabaki na ugonjwa.

Hawakosei kuogopa. Mwaka wa 1951, huko Baltimore, Marekani, mama mmoja mweusi, Henrietta Lacks, alitibiwa kansa ya shingo ya kizazi kwenye hospitali ya Johns Hopkins, ambayo ni ya univasite kubwa. Kipande cha nyama yake kilichukuliwa bila yeye kuulizwa. Alikufa mwaka uleule. Seli zake hazikufa. Zimekuwa zikiota kwenye maabara za dunia nzima, zimesaidia kutengeneza dawa na chanjo, na kampuni zimeziuza. Familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua. Mwaka wa 2023 ndipo kampuni moja iliyofaidika ilipatana na warithi wake.

Lakini fundisho la habari hiyo si kukataa kuandikwa. Asiyeandikwa haibiwi, ni kweli, na pia hatibiwi. Fundisho ni kuweka masharti kabla ya kalamu kushikwa.

La kwanza, mama aelezwe kwa lugha anayoisikia, Kiswahili, Kihunde, Kinande, Kinyarwanda au Mashi, si kwa karatasi ya Kifaransa anayowekewa alama ya kidole. La pili, jina litengwe na ugonjwa, ili mtafiti aone namba na si mtu. La tatu, nakala ya data ibaki kwenye chuo kikuu cha Kongo, na Mkongo awe kati ya wanaoisoma, si mbebaji wa masanduku tu. La nne, orodha ya ugonjwa isichanganywe na orodha ya unga, wala isiangukie mikononi mwa mwenye bunduki, awe wa upande wowote. Hapa mashariki orodha ya majina inaweza kuua. La tano, asipigwe picha mama ambaye hakuna njia ya kumtibu. Kumwonyesha mtu kansa yake na kumwacha nayo ni ukatili, hata kama unaitwa utafiti.

Sheria haikosekani. Kanuni ya mambo ya tarakimu ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 ina sehemu nzima juu ya kulinda data za mtu. Imetiwa sahihi Kinshasa. Vyuo vikuu vinaweza kuanza kuiheshimu leo bila kungoja mtu wa kuwasukuma.

Siki, taa na kabati

Wengine watasema kuna kipindupindu, kuna njaa, kuna majeruhi, kansa ingoje. Ila kansa ya shingo ya kizazi haingoji, na ni kati ya zile zinazozuilika kwa bei ndogo. Virusi vya HPV, ambavyo karibu kila mara ndivyo chanzo, hukaa miaka mingi kabla ya kuleta kansa yenyewe. Muuguzi aliyefunzwa anapaka siki, anangoja dakika moja, anaangalia kwa taa kama panageuka peupe. Doa dogo linaweza kuchomwa au kugandishwa siku ileile, na mama anarudi nyumbani kwa miguu. Mwaka wa 2022 kansa hii iliua wanawake wapatao 350,000 duniani, na zaidi ya tisa kati ya kumi walikuwa wa nchi zisizo tajiri. Shirika la afya la dunia, OMS, limeweka lengo la mwaka wa 2030: wasichana 90 kwa 100 wawe wamechanjwa, wanawake 70 kwa 100 wawe wamepimwa, na 90 kwa 100 ya waliopatikana wawe wametibiwa. Asilimia ni hesabu. Zoni ya afya isiyo na rejista itajuaje kama imefika 70 au 7?

Vyuo vikuu havina sababu ya kungoja msaada wa mamilioni. Kila mwaka wanafunzi wa uganga na wa informatiki wanaandika memwari zinazowekwa kwenye makabati na kuliwa na panya. Wangetumwa wawili wawili, mmoja wa uganga na mmoja wa informatiki, kwenye hospitali ya kila zoni kunakili rejista za zamani: umri, alikotoka, kilichoonekana, alikoishia. Mama apewe namba moja, kwenye kadi ngumu, itakayomfuata akihama kutoka kituo hiki mpaka kile. Uganda wameonyesha kwamba chuo kikuu cha Kiafrika kinaweza kufika mbali: watafiti wa Makerere wamefundisha simu iliyofungwa kwenye hadubini kutafuta malaria ndani ya damu. Walianza na damu za watu wao wenyewe, zilizosomwa na watu wao wenyewe.

Wamama nao wasingoje mikutano. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, katikati ya mwezi, au baada ya hedhi kukoma si aibu wala uchawi. Ni sababu ya kwenda kituoni na kuomba kipimo cha siki kwa jina lake. Fishi iwekwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya mpiga kura, iwe kati ya vitu vya kwanza kubebwa risasi zikianza.

Na siku mkubwa mwingine atakaposimama mbele ya watu kutaja akili bandia, raia wasimkatize. Wamwache amalize, wapige makofi ya heshima, kisha wamuulize swali moja: rejista ya kansa ya zoni hii iko kwenye kabati gani, na nani ana ufunguo?